Jinsi ya Kuwasimulia Vijana wa Raga Maisha ya Tom Harmon

Mwongozo huu ni wa mwalimu au kocha anayebaki na vijana uwanjani baada ya mazoezi, akiwa na saa moja ya kuwapa kitu cha kwenda nacho nyumbani. Mimi nafundisha historia na nasaidia kunoa timu ya raga ya vijana hapa Nakuru. Ijumaa jioni, wakishavua viatu, huwa nawasimulia maisha ya mtu mmoja. Tom Harmon ndiye wanayemwomba tena na tena, na ndiye aliye rahisi kuliko wote kusimuliwa vibaya.

Ukimsimulia kwa pupa atatoka hivi: kijana hodari wa mpira, akaenda vitani akawa rubani, akaanguka mara mbili, akarudi, akaoa mrembo wa sinema. Vijana watapiga makofi, na nusu yao wataondoka wakiitamani vita. Sisi wa Nakuru hatuwezi kulichukulia hilo kwa wepesi. Kambi ya jeshi ya Lanet iko hapa mlangoni, ile ya Gilgil si mbali, na usajili wa jeshi unapotangazwa wachezaji wangu wenye mbio huwa mbele kabisa kwenye foleni, vyeti mkononi. Sina neno na kazi ya ujeshi. Nina wanafunzi waliovaa sare hiyo na ninawaheshimu sana. Ninachotaka ni kijana aijue vita pamoja na bei yake. Kwa hiyo simulizi hii ina mizigo mitatu, na lazima uibebe yote: Harmon mwenyewe, wenzake ambao hawakurudi, na Wachina waliomficha.

Vifaa

Tafuta chokaa ya kuchorea mistari, koni mbili, kamba ya mita tatu na nusu yenye kigingi, na ramani ya dunia. Ile kubwa ya darasa la jiografia inatosha, hata kama imechanika kona. Usitumie simu kuonyesha picha mwanzoni. Wakishaona picha macho hubaki kwenye simu, na wewe unakuwa unazungumza na utosi wa vichwa.

Anza na mbio

Waeleze kwanza mchezo wenyewe, kwa kifupi. Futiboli ya Kimarekani ni binamu wa raga: mpira wa yai, kukimbia nao, kuangushwa. Tofauti kubwa ni kwamba wao wanaruhusiwa kurusha mpira mbele, na mchezo husimama kila mtu anapoangushwa. Vijana wangu wakishaelewa hayo mawili huwa wametosheka. Ila waambie jambo moja zaidi, kwamba miaka ile wachezaji wale wale walishambulia na kulinda. Harmon alikimbia na mpira, akaurusha, akaupiga mateke, kisha wapinzani walipopata zamu akabaki uwanjani kuwakaba. Nawaambia wafikirie mtu mmoja anayefanya kazi ya nambari 10 na ya nambari 15 katika mechi moja, dakika zote.

Alizaliwa tarehe 28 Septemba 1919 huko Rensselaer, jimbo la Indiana, akakulia Gary, mji wa viwanda vya chuma. Alichezea Chuo Kikuu cha Michigan misimu mitatu, 1938 hadi 1940, chini ya kocha Fritz Crisler, akivaa jezi nambari 98. Takwimu nyingine ziache kwa sasa. Vijana hawashiki takwimu wakiwa wamekaa, wanazishika wakiwa wamesimama.

Kwa hiyo wasimamishe. Chagua mwenye mbio kuliko wote na umweke kwenye mstari wa mita tano mbele ya goli lao. Weka koni mita 86 mbele yake. Waambie: tarehe 28 Septemba 1940, siku anatimiza miaka 21, Harmon alisimama karibu kabisa na hapo, mjini Berkeley, California. Timu ilikuwa imesafiri kwa ndege kuvuka Marekani, jambo geni kwa timu ya chuo siku hizo. Wapinzani wakapiga teke la kuanzisha mechi. Akaudaka mpira, akakimbia nao yadi 94 hadi mwisho bila kushikwa. Sasa mwambie kijana wako akimbie, wengine wote wakitawanyika njiani kujaribu kumgusa. Hafiki. Mrudishe ajaribu tena. Wakishahema, watajua yadi 94 ni kitu gani bila wewe kuongeza sifa yoyote.

Hapo ndipo unawapa kile kisa cha shabiki. Katika mechi hiyo hiyo Harmon alichomoka tena, mbio ya yadi themanini na kitu, na mtu mmoja akashuka kutoka jukwaani akaingia uwanjani kumwangusha. Akamkosa. Michigan ikashinda 41 kwa 0. Kisa hiki ni cha kweli na vijana hukicheka hadi machozi. Waache wacheke vya kutosha, kwa sababu baadaye utawahitaji wanyamaze.

Mechi ya Columbus isimulie polepole, hapa pana utajiri. Tarehe 23 Novemba 1940, mechi yake ya mwisho ya chuo, ugenini kwa mahasimu wao Ohio State. Michigan ilishinda 40 kwa 0. Harmon alifunga mara tatu kwa kukimbia, akarusha pasi mbili zilizozaa magoli, akapiga mateke manne ya nyongeza, na alipokuwa akilinda akadaka pasi tatu za wapinzani. Alipotoka uwanjani, mashabiki wa Ohio, waliokuwa wamefungwa nyumbani kwao bila hata pointi moja, walisimama wakampigia makofi. Siku hiyo alifikisha magoli 33 katika maisha yake ya chuo na kuivuka rekodi ya Red Grange ya 31. Mwezi uliofuata akapewa kombe la Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote vya nchi ile.

Kuhusu wale mashabiki wa Ohio, usiharakishe kupita. Hapa kwetu tunapenda kurusha chupa tukifungwa. Waulize vijana: nyinyi mngesimama? Wape nafasi ya kujibishana, dakika tano hivi.

Mlete Kinnick mapema

Makocha wengi wakisimulia maisha ya shujaa humwacha peke yake jukwaani. Mimi nasema mlete Nile Kinnick kabla hujafika vitani, ili vijana wampende kabla hawajampoteza.

Kinnick alikuwa wa Chuo Kikuu cha Iowa. Tarehe 7 Oktoba 1939, mwezi mmoja tu baada ya vita kuanza Ulaya, yeye na Harmon walikutana uwanjani. Michigan ilishinda 27 kwa 7, na pointi zote 27 zilikuwa za Harmon. Pasi ya lile goli moja la Iowa ilitoka mkononi mwa Kinnick. Lakini mwaka ulipoisha, kombe la Heisman la 1939 lilikwenda kwa Kinnick, na Harmon akawa wa pili. Chora chokaa mistari miwili inayotazamana, weka kijana mmoja huku na mwingine kule, uwape majina hayo. Wabaki wamesimama hapo unapoendelea. Usiwaeleze kwa nini.

Kuingia vitani

Sehemu hii ipitie haraka. Mwaka 1941 Chicago Bears walimchagua Harmon wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wote waliotoka vyuoni. Hakwenda kuwachezea. Mwishoni mwa mwaka huo alijiunga na jeshi la anga la Marekani, na Kinnick akajiunga na marubani wa jeshi la majini. Mafunzo, sherehe, vyeo, yote hayo ruka. Kijana akitaka kujua cheo chake mwambie mwishoni.

Fungua ramani. Weka kidole Florida, shuka visiwa vya Caribbean, pita pwani ya kaskazini ya Amerika Kusini hadi Brazil, vuka Atlantiki hadi Afrika Magharibi. Hiyo ndiyo njia iliyotumiwa na ndege nyingi za kivita za Marekani kuja bara letu. Aprili 1943 Harmon alikuwa akiendesha B-25, ndege ya mabomu yenye injini mbili, kwenye njia hiyo. Walikumbwa na dhoruba juu ya misitu ya Guiana. Ndege ikaanguka. Harmon aliruka kwa mwavuli, akatembea msituni siku kadhaa hadi wenyeji walipompata. Kati ya wote waliokuwa ndani ya ndege ile, yeye peke yake ndiye aliyetoka hai.

Hapa simama. Usiende moja kwa moja kwenye China kama wafanyavyo wengi, maana kuanguka kwa pili ndiko kuna moto na risasi, na msimulizi huwa ana haraka ya kufika huko. Waambie vijana kwamba rubani wa ndege ya watu wengi ni kama nahodha wenu, maisha ya wenzake yako mikononi mwake hata asipokosea lolote. Kisha waachie kimya kidogo. Atakayeuliza “Kocha, alijisikiaje?” mjibu kwa kumrudishia swali: wewe ungejisikiaje? Usimtungie Harmon maneno. Ni jaribu kubwa kumtilia mtu maneno mazito mdomoni wakati kama huo, nami naona ni dhuluma kwake na kwa waliokufa.

Baada ya hapo mwambie yule kijana uliyempa jina la Kinnick aondoke kwenye mstari akakae pembeni, mbali na wengine. Eleza: tarehe 2 Juni 1943, chini ya miezi miwili tangu Harmon aanguke msituni, Kinnick aliruka mazoezini kutoka meli ya ndege Lexington, katika Ghuba ya Paria, kati ya Venezuela na Trinidad. Ndege yake, Wildcat, ilianza kuvuja oili. Akaishusha baharini, maili chache kutoka melini. Mwili wake haukupatikana kamwe. Alikuwa na miaka 24. Hakuwa amepigwa na adui yeyote. Uwanja wa Iowa unaitwa kwa jina lake tangu 1972.

Waonyeshe kwenye ramani: Guiana na Ghuba ya Paria ni majirani, pwani moja ile ile. Wachezaji wawili waliotazamana Oktoba 1939 walianguka karibu sehemu moja ya dunia, mwaka mmoja. Yule kijana aliyebaki amesimama peke yake kwenye mstari wa chokaa ataelewa, na wengine pia. Mimi sijapata njia nyingine inayofikisha jambo hili kwa kijana wa miaka 16 kuliko ile nafasi tupu mbele ya mwenzake.

China

Harmon alipopona alihamia ndege za kupigana angani. Aliruka P-38, ndege ya ajabu kuitazama: injini mbili, mikia miwili, na rubani mmoja katikati, na bunduki zote ziko puani. Ichore kwa chokaa, vijana wa kiume na wa kike wote huipenda. Alipelekwa China, kikosi cha anga cha 14 kilichoongozwa na Claire Chennault.

Tarehe 30 Oktoba 1943 walishambulia bandari ya mto Yangtze mjini Kiukiang, ambao leo ramani huuandika Jiujiang, katika jimbo la Jiangxi. Ndege za Kijapani ziliwavamia. Harmon alidai kuangusha mbili kabla ndege yake kuwaka moto. Aliruka kwa mwavuli akiwa na majeraha ya moto miguuni. Akining'inia angani, ndege za adui zikimzunguka, alijilegeza kama maiti hadi wakamwacha.

Sasa shika kamba na kigingi, uchore duara la mita saba upana. Mwavuli wa rubani wa wakati ule ulikuwa na ukubwa huo, pengine kidogo zaidi. Waambie vijana waingie ndani ya duara. Watashangaa kwamba timu nzima inaingia, na kwamba kitambaa cha hariri cha ukubwa huo ndicho pekee kilichosimama kati ya mtu na ardhi.

Kutoka hapo alipita mikononi mwa Wachina kwa siku 32 hadi akarudi kambini. Wapiganaji wa msituni na watu wa kawaida walimficha na kumpitisha, kutoka mahali hadi mahali, katika nchi iliyojaa askari wa Japani. Hapa ndipo natumia muda mrefu kuliko popote. Mwaka mmoja na nusu hivi kabla yake, Aprili 1942, ndege 16 za Marekani chini ya James Doolittle zilipiga mabomu Tokyo, na marubani wengi wakaangukia mashariki mwa China, ambako wanakijiji waliwaficha. Jeshi la Japani lililipiza kisasi katika majimbo ya Zhejiang na Jiangxi. Makadirio ya waliouawa hufika watu 250,000. Kwa hiyo watu waliomwokota Harmon katika jimbo hilo hilo la Jiangxi walijua vizuri sana kinachompata anayemficha rubani wa Kimarekani. Walimbeba hata hivyo.

Waulize vijana: ungekuwa wewe, na una mama na wadogo zako nyumbani, ungemfungulia mlango? Usikubali jibu la haraka. Kijana anayesema “ndio” papo hapo mwambie ahesabu watu wa nyumbani kwao kwa vidole, kisha ajibu tena.

Kurudi

Harusi itaje, maana wataiuliza. Agosti 1944, mjini Ann Arbor, Harmon alimwoa mwigizaji Elyse Knox, na gauni la bibi harusi lilishonwa kwa hariri ya mwavuli wake. Wasichana wa timu hunifanya niirudie sehemu hii na sioni ubaya. Lakini usifungie simulizi hapo. Endelea hadi miguu. Alichezea Los Angeles Rams misimu ya 1946 na 1947, lakini miguu iliyoumia vitani haikuwa tena ile ya Berkeley. Ilibakiza cheche, kwa sababu 1946 alikimbia mara moja yadi 84, ila kazi yake uwanjani ilikoma mapema na akawa mtangazaji wa michezo. Alifariki Machi 1990 huko Los Angeles, akiwa na miaka 70. Alitunukiwa nishani za Silver Star na Purple Heart, hii ya pili ikiwa ya waliojeruhiwa.

Walete nyumbani

Kuna kijana ambaye atasema, “Kocha, hiyo ni vita ya Wazungu.” Jibu lake liko kwenye ramani ile ile. Telezesha kidole kutoka China kuelekea kusini-magharibi, utafika Burma. Wajapani walipoichukua Burma 1942 walifunga barabara ya kupeleka mahitaji China, na tangu hapo petroli na risasi za vikosi kama cha Harmon zilibebwa kwa ndege juu ya milima ya Himalaya. Waliokwenda kuirudisha Burma walikuwemo watu wetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akina babu zetu wa keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa kwetu), ilipigana kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944, masika yakinyesha, matope na malaria vikiua pamoja na risasi, hadi wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Wengine hawakufika hata Asia. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Japani, na karibu watu 1,300 wakafa, wakiwemo askari wengi wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Yatamke majina haya kwa uzito ule ule uliotamka Berkeley na Columbus.

Ukiweza, panga siku ya kuwapeleka makaburi ya vita ya Gilgil. Matatu kutoka hapa mjini haichukui muda mrefu, na mahali penyewe pametunzwa. Waache wasome majina wenyewe, bila hotuba.

Kazi ya Ijumaa inayofuata ni hii: kila kijana aulize nyumbani kama kuna mzee wa ukoo aliyekwenda keya. Aandike daftarini jina, kijiji, kikosi kama kinajulikana, alikopelekwa, na kama alirudi. Wengi hukuta mjukuu au mkaza mwana ndiye anayejua, si wanaume wakubwa wa nyumba, kwa hiyo waambie wawaulize bibi zao kwanza, tena wakati wa kuchambua mboga na si mbele ya wageni. Familia chache zina nishani. Nyota ya Burma ni ya shaba, yenye pembe sita, na utepe wake una rangi ya samawati nzito, nyekundu katikati na machungwa. Tatizo ni kwamba nyota za vita hiyo zilizotolewa kwa askari wa kwetu hazikuchongwa majina, hivyo nyota peke yake haikwambii ilikuwa ya nani. Waulizie cheti cha kuachishwa jeshi. Mara nyingi kimekunjwa ndani ya Biblia au chini ya sanduku la nguo. Na wasisitizie wakuletee picha tu ya nishani na ya cheti. Vyenyewe vibaki nyumbani, mikononi mwa aliyevitunza.